Fundi wa chini ya mkwaju, Malindi: Probox iliyokuwa ikimisi na kuzima njiani

Tangu gari langu lipone, watu wananisimamisha sokoni kuniuliza nililipeleka kwa nani. Walikwisha kunizoea nimeegesha karibu na daraja la Sabaki, boneti juu, maji ya barafu yanachuruzika nyuma, mimi nimekalia kreti tupu nikijipepea kwa kipande cha boksi. Basi naandika mara moja, anayeuliza asome, niachwe niuze samaki.

Nianze na kazi ya gari lenyewe, maana bila hiyo ugonjwa wake hauelezeki. Alfajiri nateremka Ngomeni, nachukua mzigo kwa ami yangu na wenziwe wanaporudi baharini: kolekole, changu, nguru kwa msimu wake, kamba wakipatikana. Naupakia kwenye makreti na barafu, nauleta Malindi mjini, na siku tatu kwa wiki naufikisha Watamu mahotelini. Gari ni Probox ya 2012, injini ya 1NZ, cc 1,500, gia ya mkono. Kiti cha nyuma nakilaza, makreti yanakaa juu yake. Kiwandani imeandikiwa mzigo wa kilo 400. Njia hii ya Malindi hadi Marereni kila mtu anajua Probox hubeba nini, kwa hiyo hilo tuliache.

Ugonjwa ulianza Januari, kaskazi imekolea, bahari imetulia na samaki ni wengi. Yaani wakati mbaya kuliko wote wa gari kukugomea. Na ulikuwa na sura mbili. Ya kwanza ni kumisi. Nikikanyaga mafuta nina mzigo, hasa nikitoka kwenye mchanga wa Ngomeni kuingia lami, gari linashtuka-shtuka kama mtu anayepiga chafya na ndoo ya maji kichwani, na taa ya injini kwenye dashibodi inapepesa. Linaenda, lakini halina nguvu, na kwenye sailensa kunanuka petroli mbichi. Ya pili ni kuzima. Nimeshaendesha nusu saa, jua limepanda, gari linaishiwa pumzi kwa sekunde mbili tatu, halafu kimya. Nikilizungusha linazunguka tu, haliwaki. Nikingoja dakika 20, nikanywa maji, nikamsema vibaya aliyeniuzia, linawaka kama halijafanya lolote.

Sitamtaja fundi yeyote kati ya waliotangulia. Mji wenyewe ni huu huu, na watoto wetu wanakaa jamvi moja chuoni. Wa kwanza alisikiliza injini nusu dakika akasema plagi. Plagi nne, 2,800. Akasafisha na troto, mlango wa hewa ya injini, 1,000. Siku nne nzuri, ya tano nikarudi kukaa juu ya kreti.

Hapo katikati mpwa wangu akanishawishi ninunue kile kimashine kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinachozungumza na simu kwa Bluetooth. Shilingi 1,500, kikaja na basi kutoka Mombasa. Nilikichomeka usiku uani, nikasubiri, kikaniandikia P0302. Nikatafuta maana yake: silinda namba mbili inamisi. Wallahi nilijiona mhandisi. Kesho yake nikampelekea fundi wa pili simu mkononi, naye akafurahi kuliko mimi. "Koili hizo, mama, tena badilisha zote, moja ikifa nyingine zinafuata." Koili ndizo zinazoipa plagi umeme wa cheche. Koili nne za eksi-Japani, 2,300 kila moja, 9,200. Likaendelea kumisi. Na lilipoendelea kuzima pia, huyo huyo akaweka pampu nyingine ya mafuta, 4,500. Pampu ya zamani sikuiona tena. Lakini kwa haki yake niseme, baada ya pampu gari lilikaa wiki mbili kamili bila kuzima hata mara moja, nikamsifu kwa watu. Hizo wiki mbili mzikumbuke.

Jumlisha na ufundi wa 3,500, zilikuwa zimeshatoka 21,000. Sijatia makreti mawili ya kolekole ambayo mpishi mmoja wa Watamu aliyainamia, akanusa, akaniangalia, akafunga mlango polepole. Bora angenitukana.

Aliyenielekeza kwa huyu mzee ni dereva wa tuktuk. Hakuna bango. Kuna mkwaju mkubwa, shimo la saruji, mabati manne ya kivuli, na meza ya kazi iliyotengenezwa kwa mbao za chombo kilichovunjwa, ubavuni bado zina rangi ya buluu. Mzee ana miaka sitini na kitu, miwani imefungwa uzi nyuma ya kichwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Linamisi au linazima?"

"Yote mawili."

"Yote mawili kwa pamoja? Au kila moja na wakati wake?"

Nikanyamaza. Miezi miwili nilikuwa na gari hilo gonjwa na sikuwahi kujiuliza. Nikafikiri, nikamwambia: linapomisi halizimi, na linapozima huwa halikumisi kabla. Asubuhi na baridi linaweza kumisi. Kuzima ni mpaka joto. Akatikisa kichwa, akavuta kiti cha plastiki, akanikalisha. Nikajua leo sitoki.

Maswali aliyoniuliza yalikuwa ya posa. Taa inapepesa au inakaa imewaka tu? Ukiwa na mzigo na ukiwa mtupu ni sawa? Tangi likiwa na mafuta kidogo ndiyo linazima zaidi? Nani alishika nini mara ya mwisho, na baada ya hapo lilikaa siku ngapi? Nilipomtajia wiki mbili za pampu, akaandika kwa chaki kwenye bati: "pampu, siku 14". Kwangu ilikuwa ni habari ya kupita. Yeye alirudi kuitazama ile chaki mara mbili.

Halafu akasema jambo ambalo ndilo sababu ya mimi kuandika. "Una magonjwa mawili, mwanangu. Kila aliyekutibu alidhani ni moja. Na mimi sibadilishi kitu mpaka nikione kimekosa." Akataja bei ya kupima peke yake: 1,500, inalipwa kabla, hairudishwi hata asipopata. Nilimwona mjeuri. Nikalipa kwa M-Pesa nimenuna.

Alianza na kumisi. Akaomba kimashine changu, akacheka kidogo alipokiona, lakini akakitumia. Akatelezesha kidole kwenye skrini ya simu, na chini ya ile P0302 yangu kulikuwa na mstari wa pili nisiowahi kuufikia: P0352. Mimi nilisoma wa kwanza nikakimbilia dukani. Akanieleza kwamba 0302 ni kusema silinda ya pili haichomi, basi. Haisemi kwa nini. Inaweza kuwa plagi, koili, nozeli haimwagi mafuta, valvu haizibi, hewa inavuja. Ile 0352 ndiyo inayokaribia nyumba yenyewe, ni mzunguko wa umeme wa koili ya pili. "Imesema mzunguko. Haikusema koili," akasema, "ila watu wakiona neno koili masikio yanaziba."

Hakuamini hata hivyo. Akamwambia mwanafunzi wake, kijana mmoja mwembamba, atoe koili ya pili aiweke kwenye silinda ya tatu, na ya tatu ije ya pili. Kwenye injini hii kila silinda ina koili yake imekaa juu ya plagi, inashikwa na bolti moja, kwa hiyo ni kazi ya dakika tano. Silinda zinahesabiwa kuanzia upande wa mkanda. Wakafuta namba kwenye kompyuta ya gari, wakaendesha kuzunguka mtaa na mawe mawili makubwa nyuma badala ya samaki. Wakarudi: bado silinda ya pili. Kama koili ingekuwa mbovu, ugonjwa ungehama nayo kwenda ya tatu. Haukuhama. Na hapo ndipo 9,200 zangu zilipofanyiwa maziko, mbele yangu, bila hata fatiha.

Wakahamisha plagi vilevile. Bado ya pili. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya nozeli, mpini sikioni, akasikiliza moja baada ya nyingine. Akanipa nami nisikilize. Zote nne zinagonga tiki-tiki-tiki sawasawa, kama saa ya ukutani iliyolishwa kahawa. Akapima mgandamizo wa hewa kwenye silinda, zote nne zikakaribiana, akasema injini yenyewe ni nzima, nimshukuru Mungu kwa hilo kwa sababu hapo ndipo pesa huisha.

Kisha akafanya kitu kidogo sana. Injini ikiwa inanguruma, akaishika soketi ya koili ya pili kwa vidole viwili akaitikisa. Injini ikapiga chafya. Akaiacha, ikatulia. Akaitikisa, ikapiga chafya. Akaniita nije nione. Ile soketi ina ulimi mdogo wa plastiki unaolia tak unapoisukuma ndani, ndio unaoizuia isirudi nyuma. Ulimi haukuwepo. Plastiki ya pale huiva kwa joto la injini miaka na miaka, ikawa kama biskuti, na mtu akiivuta kwa nguvu inakatika. Aliyeukata alijua, kwa sababu alikuwa amezungusha utepe mweusi mara tatu, utepe wenyewe umeyeyuka umekuwa gundi. Kwenye lami soketi inakaa. Kwenye mchanga na mashimo inarudi nyuma kidogo, pini hazigusani vizuri, silinda inakosa cheche, petroli mbichi inatoka kwenye sailensa. Ndiyo ile harufu. Na akaniambia taa inapopepesa, si kuwaka tu bali kupepesa, nipunguze mafuta na nisilikimbize, kwa maana ile petroli isiyochomwa inakwenda kuungulia kwenye katalisti, kile kisafishio cha moshi kwenye njia ya sailensa, na katalisti ikifa bei yake ni kilio kingine.

Nusu ya ugonjwa, basi, ilikuwa ulimi wa plastiki usiofika ukucha.

Kuzima ndiko kulikomchukua siku ya pili. Alisema gari haliwezi kupimwa kuzima likiwa halijazima, kwa hiyo niliache kwake, nirudi kesho na mzigo wa kweli, saa saba mchana, jua kali. Nikarudi na makreti sita ya maji na barafu. Nikamkuta amekata mpira wa mafuta akaunga kiungo cha njia tatu, na kwenye kiungo hicho amefunga geji ya kupimia nguvu ya petroli. Mpira wa geji ukatoka chini ya boneti, na geji yenyewe akaibandika kwa utepe juu ya kioo cha mbele, kwa nje, usoni pangu hasa. "Utaendesha, tutaisoma sote." Kimashine changu akakiwasha pia, simu akaishika yeye, inaonyesha mizunguko ya injini.

Tukatoka hivyo kuelekea Sabaki, gari na saa yake usoni kama mgonjwa aliyetoroka hospitali na dripu. Mwendesha boda mmoja alitufuata karibu kilomita nzima akiichungulia. Geji ilikuwa imesimama kwenye bar 3 na kidogo, haitikisiki. Njiani mzee akanieleza kwamba gari linalozima likiwa moto na kuwaka likipoa, jambo la kwanza watu hulaumu ni sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta injini inazunguka. Ni kweli huwa inakufa hivyo hivyo. Lakini ikifa, mizunguko kwenye simu itaanguka sifuri hata gari likiwa bado linateremka kwenye gia na magurudumu yanaisukuma injini. "Kwa hiyo likizima, usikanyage klachi. Liache kwenye gia, tuangalie."

Likazima tumekaribia daraja, pale pale pangu. Nusura nifurahi. Sikukanyaga klachi. Simu ikaendelea kuonyesha mizunguko 1,400, 1,200, 900, injini inasukumwa na magurudumu. Na geji juu ya kioo ikalala. Mshale ulitoka kwenye 3 ukateremka kwenye 1, kisha ukagusa chini, kwa muda wa kusema bismillahi. "Umeona mwenyewe," akasema. Sensa nzima. Petroli hakuna.

Mimi nikatoa chupa yangu ya maji nijiandae kungoja dakika 20. Akanikemea. "Likipoa tumekosa! Shuka!" Tukashusha makreti kandokando ya barabara, kijana akanyanyua kiti cha nyuma, chini yake kuna zulia, chini ya zulia kifuniko cha bati chenye skrubu, na chini yake ndipo juu ya tangi, waya za pampu zinapoingia. Nilisikia harufu kabla sijaona. Ilikuwa ni harufu yangu. Chumvi, damu ya samaki, barafu iliyoyeyuka na kukauka na kuyeyuka tena. Zulia lilikuwa gumu kama ngozi ya papa. Maji ya makreti yangu yalikuwa yakipenya chini ya kiti siku zote hizo, yanajikusanya kwenye kile kishimo, yanaikalia soketi ya pampu.

Akaingiza ncha za mita ya umeme nyuma ya soketi huku kijana akizungusha funguo. Batri ilikuwa na volti 12 na nukta. Pale pampu inapounganishwa zilifika 5. Akaniambia niiguse soketi. Ilikuwa ya moto, si moto wa jua, moto wa pasi. Akaichomoa: pini moja ilikuwa na unga wa kijani, na plastiki pembeni yake imekuwa kahawia imelegea. Akaikwangua kwa kisu, akarudisha, akasema washa. Likawaka. Hapo hapo, kandokando ya Sabaki, saa nane kasoro mchana, bila kungoja hata dakika moja. Nilikaa miezi miwili nikiamini gari langu linahitaji kupumzika.

Sasa zile wiki mbili. Fundi aliyebadilisha pampu aliichomoa soketi hiyo hiyo akairudisha, na katika kuchomoa na kuchomeka pini zilijikwangua zenyewe, zikagusana vizuri. Pampu ya zamani yawezekana haikuwa na kosa lolote. Chumvi ikarudi polepole, pini ikaanza kupata moto, ikipata moto inalegea zaidi, ikilegea umeme haupiti, pampu inasimama. Ikipoa inakaza, gari linawaka. Na kompyuta haikuandika namba yoyote kwa sababu kwenye gari hili haina kitu cha kupimia nguvu ya petroli. Yenyewe inadhani mafuta yapo. Ningekaa na kile kimashine mpaka Ramadhani mbili zipite, kisingeniambia.

Niwe mkweli kwamba nilitaka awe ni fundi fulani aliyeniharibia. Ulimi wa plastiki, sawa, una mwenyewe. Lakini soketi ya pampu niliila mimi, kreti baada ya kreti.

Matengenezo yalikuwa mafupi kuliko upimaji. Soketi ya koili akaikata akaweka nyingine yenye ulimi wake, iliyotolewa kwenye Toyota iliyokufa. Ya pampu ilibidi ingojwe mpaka kesho yake, ikaja. Akaunga waya moja moja kwa risasi, akavalisha mipira inayobana ikipashwa moto, akapaka grisi. Waya wa athi wa pampu, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, akaufuata mpaka ulipofungwa kwenye bodi, akaona napo pameota kutu, akapapiga msasa mpaka bati likang'aa. Akapima tena injini ikinguruma: volti 13 na nukta kwenye pampu. Hakuniuzia pampu. Hakuniuzia koili. Nilimwuliza kama nibadilishe filta ya mafuta "tukiwa hapa hapa", akanijibu geji imekuambia nini? Nikanyamaza.

Malipo: 1,500 ya kupima, soketi mbili 900, ufundi 2,500. Jumla 4,900. Akaniamuru nitafute trei ya bati yenye kingo niweke chini ya makreti, na niitoboe upande mmoja, mpira utoe maji nje ya gari. Nimefanya. Trei ilinigharimu 3,000 kwa fundi bati. Tangu wakati huo inakaribia miezi mitano sasa, kusi imeingia, mvua zimepita, gari halijazima hata mara moja. Kumisi, nako hakuna.

Kile kimashine? Kwa 1,500 kina thamani yake, mimi sikiuzi. Kinafuta namba, kinaonyesha mizunguko na joto la injini, na mzee mwenyewe alikitumia. Ila msiende nacho dukani kama mtu aliyepewa orodha ya sokoni na mkewe, kama nilivyofanya mimi. Na mteremshe kidole hadi mstari wa mwisho.

Sasa lawama zake, maana sikulipwa kumsifu. Ni mpole wa mwendo kupita kiasi. Kazi ambayo wengine wangemaliza asubuhi, kwake gari lililala mara mbili, na siku hizo niliajiri tuktuk kubeba samaki. Simu hapokei akiwa chini ya gari, na muda mwingi yuko chini ya gari. Hana risiti, ukitaka karatasi anakuandikia nyuma ya boksi la plagi. Mteja hana pa kukaa ila kile kiti kimoja, na choo mtaomba kwa majirani. Ulimi wake una pilipili: aliniuliza mbele ya vijana kama samaki wangu nawauza au nawafuga humo garini. Kiti changu cha nyuma kilirudi na bolti pungufu, nikairudia siku ya tatu, ilikuwa kwenye mfuko wa kijana. Na gundi ya ule utepe wa geji ingali kwenye kioo changu cha mbele, nimeipiga wembe na petroli, jioni jua likinielekea naiona.

Gari la otomatiki likiwa na shida ya gia atakwambia ukweli kwamba si kazi yake, na haibridi pia hashiki. Hilo mimi nimeliweka upande wa sifa.

Namba yake ya simu siiweki, nilimwomba ruhusa akasema wanaomhitaji wanafika. Yuko upande wa Barani, ulizeni mkwaju wenye shimo la saruji, watu wa tuktuk wote wanapajua. Nendeni asubuhi, na mwende na majibu: linazima moto au baridi, na mzigo au bila, nani aligusa nini mwisho. Asiye na majibu hurudishwa akaendeshe siku mbili akiangalia. Ijumaa anafunga saa tano mpaka baada ya alasiri.